Tendegu la nne

Ukimwambia mtu wa siku hizi kwamba Jumapili zako unazimaliza kwa kukereza, anasikia kwamba unakera watu. Nimezoea. Naanza kueleza: kukereza ni kukizungusha kipande cha mti kwenye mashine huku umekiwekea patasi, mpaka kinatoka cha mviringo. Miguu ya vitanda vya bibi zetu, ile yenye pete na vitunguu, ilikerezwa. Pia ya mtoto imekerezwa. Mchi ukiuona umenyooka unang'aa kama chupa, ujue nao umepita hapo. Mashine yenyewe kwa Kiswahili ni kerezo, ingawa ukisema "lethi" mafundi wengi wa Kibiti wanakuelewa haraka zaidi.

Sisi tuko kumi na mmoja. Kikundi hakina bango wala muhuri, kina kaunta buku moja ambalo nalitunza mimi kwa sababu ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka. Tunakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, nyuma ya karakana moja pale Kibiti mjini, chini ya mwembe. Wapo wanaotoka Bungu, wapo wa Ikwiriri, mmoja wa Muhoro ng'ambo ya Daraja la Mkapa, na mzee wetu anatoka Kiomboni, ndani ya delta. Yeye anavuka kwa boti mpaka Nyamisati, anapanda gari hadi Bungu, halafu ndiyo Kibiti. Siku ya kikao anaondoka kwake kwa kufuata maji, si saa ya ukutani, kwa hiyo mara nyingine anafika wa kwanza na mara nyingine tunamkuta keshokutwa yake, yaani kikao kimeisha na yeye ndiyo anashuka kwenye gari.

Kikao kina sheria moja ya maana. Kila mtu anakuja na kazi moja aliyoikereza mwezi ule. Kazi inazunguka mkono kwa mkono, na haruhusiwi mtu kusema neno mpaka imerudi kwa mwenyewe. Unaipapasa, ukitaka unafumba macho, unapitisha. Macho yanasamehe mengi, kidole hakisamehi. Pale ambapo mtu ametumia msasa kuficha makosa ya patasi, kidole kinajua. Ikishazunguka ndipo watu wanafungua midomo, na hapo mwenye kazi ajiandae.

Sasa fikiria kikundi cha namna hiyo kisipoweza kukutana.

Mara ya kwanza ilikuwa 2017. Msomaji wa Tanzania hahitaji kukumbushwa mwaka ule ulikuwaje Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili askari polisi wanane waliuawa Mkengeni kwa mkupuo mmoja. Pikipiki zikapigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Wanaume kumi kukaa nyuma ya jengo wakiwa na patasi, mashoka na misumeno, jamani, nani angetaka kuja kutoa maelezo hayo? Hakuna aliyetukataza. Tulijikataza wenyewe. Mwezi wa tano hakuja mtu, wa sita hakuja mtu, na hakuna aliyempigia mwenzake simu kuuliza, maana siku zile mtu aliogopa kuuliza na aliogopa kuulizwa. Wawili walihamia Dar. Mmoja aliuza mashine yake, na pesa akanunua mbuzi. Tulipokuja kukaa tena chini ya mwembe ilikuwa 2019, tuko saba, na kwa miezi mingi kazi zilizunguka lakini maneno hayakutoka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia mwenzake kwamba pete yake imepinda.

Mimi nikajiwekea somo langu: kilichotuua ni kimya. Nikaapa kwamba nikiwa katibu hakitaturudia. Nililishika somo hilo kwa mikono miwili, na ndilo lililokuja kuniponza.

Korona haikutusumbua sana. Machi 2020 shule zilifungwa, nikawa na muda mwingi kuliko kazi. Tulibishana kama ni sawa kazi kupita mikononi, mzee akasema kama mikono haipiti basi tusisumbuane nauli. Tukaweka ndoo ya maji na sabuni kwenye shina la mwembe, tukanawa, tukapitisha. Wakati ule nilisoma kwamba wakereza wa Marekani, ambao wana chama chao cha nchi nzima tangu 1986, walikuwa wanafunga kamera juu ya mashine na kufundishana kwa Zoom, kila mtu karakanani kwake. Nilichowaonea wivu ni umeme tu.

Kisha ukaja mwaka 2024.

Jumapili ya tarehe 3 Machi, wiki moja na kidogo kabla ya Ramadhani, mama mmoja wa hapa Kibiti alikuja kikaoni na kitu amekifunga kwenye khanga. Alikuwa anaoza binti yake baada ya Idi Kubwa. Angeweza kwenda Keko kama wenzake, akarudi na kitanda kimepakiwa kwenye fuso. Alifungua khanga, tukaona tendegu moja la zamani, chini limeliwa na mchwa, juu bado limekaa vizuri. Lilikuwa la kitanda cha mama yake. "Nataka manne kama hili," alisema, "na binti yangu asijue mpaka siku yenyewe."

Tendegu lilizunguka kimya kama kazi yoyote. Lilipofika kwa mzee lilikaa muda mrefu. Alilitaja kutoka chini kwenda juu kama mtu anayesoma ukoo: unyayo, kifundo, kitunguu, shingo, pete tatu, kikombe, halafu kichwa cha mraba ambapo mfumbati na kitakizo vinakutana. "Pete ya kati ni nyembamba," akasema. "Msije mkazifanya sawa. Zikiwa sawa zinakuwa za kiwandani."

Mama alitoa kianzio cha shilingi 600,000. Tukanunua pande la mninga lenye kibali kwa 260,000, tukalipasua vipande vitano: vinne vya kazi, kimoja cha bahati mbaya. Zilizobaki, 340,000, akabaki nazo mweka hazina wetu wa Muhoro kama kawaida. Vipande tukavigawa kwa wenye mashine: mzee Kiomboni, kijana wa Bungu, mimi, na mweka hazina. Mpango ulikuwa kila mmoja akakereze kwake mpaka unene ukaribie, halafu baada ya Idi tukutane na mzee amalizie yote manne kwenye mashine moja kwa mkono mmoja. Kitanda si meza ya ofisi. Matendegu yakipishana, mwenye kulala hajui kinachomkera, lakini analala vibaya.

Hatukukutana. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza zamani, lakini Aprili Mto Rufiji ulipanda ukakaa. Mrufiji haogopi mafuriko kwa jina. Kilimo cha mlau kinayategemea: maji yanashuka, unapanda kwenye tope yaliloliacha. Wazee walizaliwa kwenye madungu, nyumba za juu ya nguzo katikati ya mashamba, na wanakumbuka jinsi mafuriko ya 1968 yalivyofuatiwa na watu kuhamishwa bondeni kupelekwa vijiji vipya. Safari hii maji yalipita pale ambapo watu walishasahau kuyatarajia. Muhoro ilijaa. Mweka hazina alitoka na mama yake, mke, watoto wanne, na pande lake la mninga begani, akaenda kujibanza kwa shemeji yake Chumbi. Mashine yake ilibaki ndani ya nyumba, mota na vyote, chini ya maji.

Upande wa delta boti zilitoka siku ambazo nahodha aliziamini, nazo hazikuwa nyingi. Halafu tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na kusini zaidi barabara ya Lindi ikakatika upande wa Somanga. Kila mtu alikuwa kwenye kisiwa chake, hata sisi tuliokuwa nchi kavu.

Turudi nyuma kidogo, katikati ya Aprili, nilipolifufua grupu letu la WhatsApp. Lilikuwepo siku zote, la salamu za Ijumaa na matangazo ya misiba. Nikaandika sheria: salamu mara moja kwa siku, hakuna kusambaza video za watu, na kikao ni Jumapili saa 10 jioni, simu mkononi. Jumapili ya kwanza waliandika wote "tupo". Ya pili walikuwa sita. Ya tatu mmoja alituma dua, wawili wakaitikia amina, basi.

Kilichowarudisha watu ni pia. Kijana wa Bungu, ambaye ana mashine ya umeme na hapendi isahaulike, alirekodi pia aliyoikereza kwa kipande cha mpingo, akaizungusha sakafuni. Sekunde 41. Mpingo unajulikana: mti mzito unaozama majini, unaokatwa misitu ya kusini na kupelekwa Ulaya ukawe klarineti na oboi. Kuutumia kwa pia ni kama kupikia chapati samli ya harusi. Watu walichukia, na watu wakichukia wanaamka. Wiki ile ile zikaja pia sita. Za mkorosho, za mwembe, moja ya mnazi ambao nyuzi zake zinapigana na patasi kama paka, moja ya gogo lililoletwa na maji na lisilojulikana jina. Uzuri wa pia ni kwamba hata kwenye simu haidanganyi. Kitovu kikikaa pembeni, inayumba, na kila mtu anaona inayumba. Huhitaji kidole. Aliyewashinda wote alikuwa mjukuu wa mzee, binti wa miaka 13, kwa pia ya mkomafi. Sekunde 58. Kerezo la mzee linaendeshwa kwa kanyagio la cherehani. Ikafuata sauti yake: "Mimi hapo nilikuwa mota tu."

Lakini pia ni mchezo. Matendegu ndiyo yaliyokuwa na pesa za watu ndani yake, na harusi ya mtu.

Nilianza vibaya. Nilikuwa na lile tendegu la zamani, nikaliweka mezani na rula pembeni, nikapiga picha, nikatuma. Kijana wa Bungu akachukua vipimo kwenye picha. Sikuwa nimesimama sawasawa, picha ilipigwa kwa upande, na pete zake zikahama karibu nusu kidole. Hilo ndilo lililokula kipande chetu cha tano, kile cha bahati mbaya.

Mzee hakupiga kelele. Aliuliza kwanza sauti. Alisema, kupitia simu ya mjukuu, na mtandao kule unapatikana ukisimama gatini: "Picha acheni. Kila mtu aniwekee mashine yake ikila mti, dakika moja." Tukatuma. Jibu likaja baada ya siku mbili, boti na mtandao vilipokubaliana. Kwangu: "Katibu, patasi yako inalia, kainoe." Ilikuwa kweli, nilikuwa naibembeleza mwezi mzima. Kwa kijana wa Bungu: "Mashine inakimbia kuliko mkono. Punguza." Kijana hakujibu, ila alipunguza, maana baada ya wiki alituma sauti nyingine bila kuombwa.

Kisha kikaja kijiti.

Mtu wa nje akitazama delta anaona mikoko tu, hekta zipatazo 53,000 za kijani. Mtu wa Kiomboni anaona mkoko na msinzi wa boriti, mkomafi na msikundazi wa kuundia vyombo, mlilana unaosimama mbele kabisa ya bahari, na mkandaa, mgumu na ulionyooka. Mikoko ni hifadhi, haikatwi ovyo. Mzee alichomoa ufito mmoja wa mkandaa kwenye paa la banda lake la zamani, akaukata urefu sawa na tendegu, ambalo alikuwa amelipapasa mara moja tu, tarehe 3 Machi. Upande mmoja aliuchanja chale, kila chale ni mahali umbo linapobadilika: kifundo kinaishia hapa, kitunguu kinaanzia hapa. Upande wa pili, mkabala na kila chale, alichora mistari miwili midogo. Umbali kati ya mistari hiyo ndio unene. Unapanua bikari mpaka iguse yote miwili, unaipeleka kwenye mti, basi. Hakuna namba hata moja. Nililinganisha kijiti na tendegu lenyewe la yule mama. Palikuwa na tofauti ya uzi mmoja, na nina shaka uzi ule ulitokana na mchwa.

Pamoja na kijiti kulikuja masharti mawili. La kwanza, mninga wetu haukuwa umekauka vya kutosha, na mti mbichi ukiukereza duara ukikauka unakuwa yai, kwa kuwa unapungua upana na si urefu. Kwa hiyo kereza mnene kuliko mistari, tundika juu ya jiko kwenye moshi wiki mbili, ndipo umalizie. La pili, kisinakiliwe. Nilikuwa tayari nimeshika kisu nichonge vijiti vitatu kuokoa muda. Alinipigia kwa kitochi chake kabisa. "Utakosea kidogo, wa pili atakosea juu ya kosa lako. Mpelekee mtu chenyewe." Mimi nafundisha fasihi. Najua yanayoupata utenzi ukinakiliwa kutoka kwa nakala ya nakala. Sikuwahi kufikiria kwamba kitunguu cha tendegu nacho ni beti.

Kwa hiyo kijiti kikasafiri chenyewe. Kiomboni hadi Nyamisati kwa boti, kimefungwa kwenye gunia la dagaa. Nyamisati hadi Bungu kwa bodaboda. Bungu hadi Kibiti kwenye daladala, ubavuni mwa dereva. Nilikaa nacho siku tisa. Tarehe 29 Aprili nikamkabidhi konda wa basi linaloelekea kusini akishushe Chumbi, nikampa elfu mbili na maelezo marefu ambayo aliyasikiliza kwa sikio moja.

Na hapa ndipo nilipokosea.

Mweka hazina alikuwa amenipigia simu siku chache baadaye. Alisema ametumia pesa za kikundi, shilingi 180,000. Mtumbwi wa kuwatoa, turubai, unga, dawa ya mama yake. Alitaja kila kitu na bei yake. Atazirudisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimama. Nikamwambia pole, hakuna neno. Usiku sikulala. Nikakumbuka 2017, jinsi kila mtu alivyokaa na lake moyoni mpaka tukaisha. Nikajisemea mambo ya kikundi yasemwe kwenye kikundi. Asubuhi ya tarehe 8 Mei nikaandika kwenye grupu mapato na matumizi, safi kabisa, mstari kwa mstari, kama ripoti ya mwisho wa muhula. Mstari wa mwisho: zilizotumiwa na mweka hazina kwa dharura, 180,000. Sikumpigia kwanza kumwambia kwamba naandika.

Chini ya mwembe, mstari ule ungesemwa na yeye, kwa mdomo wake, tukimtazama miguu yenye matope. Mtu angekohoa. Mzee angeuliza mama anaendeleaje. Kwenye simu ulikuwa mstari tu, kati ya bei ya msasa na bei ya vanishi. Mmoja akauliza varnishi itanunuliwa na nini sasa. Mwingine akaweka uso wa kushangaa. Kijana wa Bungu akaandika: "Mafuriko yasiwe kisingizio." Nilikuwa darasani. Nilipofungua simu saa nane mchana nikakuta maandishi yale madogo ya kijivu yanayotokea katikati ya skrini: ameondoka.

Nilimpigia, hapatikani. Jioni, hapatikani. Siku ya nne yake, Jumapili tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Grupu likanyamaza lenyewe. Kikao cha saa 10 hakikuwepo. Nilikaa karakanani nikitazama tendegu langu limetundikwa juu ya jiko, nikawaza: kianzio cha mama kimeliwa, kijiti kiko kwa mtu aliyetukasirikia, harusi ni mwezi ujao, na aliyefanya yote haya ni mimi niliyekuwa naogopa kimya.

Mzee akapiga. Kitochi hakihitaji nyaya za baharini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijiti kiko wapi?"

Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Kisha akauliza, "Ulipoandika hizo hesabu, ulimwona uso?"

"Sikumwona, mzee."

"Haya." Akaniuliza habari ya moshi, kama tendegu limeanza kupasuka kichwani. Nikasema bado. Akakata.

Tarehe 25 Mei konda yule yule akanipigia kutoka stendi: kuna mzigo wako, njoo upesi, gari haikai. Kilikuwa kiroba cha unga wa sembe, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani kulikuwa na kijiti, kikavu, kimepakwa mafuta, na tendegu. Hapakuwa na barua. Nilitafuta mpaka nikakigeuza kiroba ndani nje.

Nikaweka bikari. Kifundo, sawa. Kitunguu, sawa. Pete tatu, ya kati nyembamba. Nikalifumbia macho, nikapitisha kidole, na kidole kikakuta kitu ambacho sikukielewa. Lilikuwa laini, lakini ulaini wenye mawimbi madogo sana, kama mchanga maji yakishatoka. Halikuwa na msasa hata kidogo. Mashine ya mota haiachi alama zile. Ilinichukua dakika nzima kukumbuka nilikowahi kuzigusa.

Mwaka 2019, tulipokuwa saba na maneno hayatoki, mzee alitupotezea Jumapili nzima akitufundisha kerezo la upinde. Vigingi viwili ardhini, misumari miwili ya kushikia mti, kamba imeuzungukia mara moja. Ukivuta, mti unakuja kwako, patasi inakula. Ukisukuma, unarudi, unaiondoa patasi kwa unywele. Mkono mmoja kwenye upinde, mwingine kwenye patasi, na vidole vya mguu vinaishika isiruke. Tulicheka sana siku ile. Kwa mti mnene kama tendegu unahitaji na mtu wa pili wa kuvuta kamba. Mweka hazina ndiye aliyecheka zaidi, akasema hiyo mashine haina hata sehemu ya kuwashia.

Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda Chumbi. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya shemeji yake, chini ya mkorosho. Vigingi bado vilikuwepo, vifusi vya mninga vimemwagika kama pilipili. Alikuwa anakereza michi ya kuuza, mwanawe mkubwa anavuta kamba ya nailoni. Hakuinuka mara moja, alimaliza pete aliyokuwa nayo. Tukasalimiana. Aliniletea kigoda, mkewe akaleta chai ya rangi. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, yakatoka kidogo tu. Akasema, "Mwalimu, mimi ningeyasema mwenyewe." Kisha akauliza kama kichwa cha mraba kimekaa sawa, maana hakuwa na msumeno mzuri. Nikasema kimekaa. Akatoa elfu ishirini kwenye mfuko wa shati, nikaiandika kwenye kaunta buku pale pale magotini, tarehe na kiasi. Kila mwezi aliendelea hivyo. Vanishi tuliichangia sisi wengine, elfu kumi kumi, na kijana wa Bungu alituma ishirini bila neno.

Kitanda kilipelekwa siku tatu kabla ya harusi, usiku, kwa bajaji, mama ametangulia mbele na tochi. Matendegu yamekaa. Mimi najua la mweka hazina ni lipi, tumeliweka kichwani upande wa ukutani, na sijamwambia mtu.

Jumapili ya tarehe 4 Agosti tulikutana. Hatukuwa na kazi ya kuzungusha, zilikuwa nyumbani kwa bibi harusi, kwa hiyo kilizunguka kijiti. Mzee alifika mapema siku ile, maji yalimpenda. Mweka hazina alikuja na basi la asubuhi, amebeba mzigo mrefu: vigingi vyake viwili na upinde. Alivipigilia kwenye kivuli bila kuombwa. Kijana wa Bungu alikuwa amesimama pembeni muda wote, mikono mfukoni, anaangalia kamba inavyozunguka mti. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyemdai. Alivua viatu, akavipanga kando, akakaa chini, akanyoosha mguu.